Grafu ya mto inapokwenda kombo: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, afisa kijana wa bonde au mtu wa skimu ya umwagiliaji hapa Nyanda za Juu Kusini anayechukua vipimo vya mto, au vya bahari kujaa na kupwa, akavigeuza kuwa grafu inayotembea. Umepangwa kwa dalili. Tafuta unachokiona kwenye skrini, anza na chanzo cha kwanza kwa kuwa ndicho kinachotokea mara nyingi, na usikimbilie tiba nzito kabla ya kumaliza ukaguzi mwepesi. Amri zilizotajwa ni za Python, kwa pandas na Matplotlib. Anayetumia R na gganimate atabadilisha amri tu. Magonjwa ni yaleyale.

Matatizo mengi yanayoletwa kwa maneno "programu imegoma" si ya programu. Ni ya takwimu zenyewe: saa, tarehe na nafasi zilizoachwa wazi. Grafu inayotembea huyaficha makosa hayo kuliko iliyosimama, kwa sababu jicho hufuata mwendo na kuuamini. Kwa mito yetu jambo hili lina uzito. Ruaha Mkuu, ndani ya hifadhi, umekuwa ukikatika maji wakati wa kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Sifuri pale ni habari, na inaumiza. Grafu inayozua sifuri pasipokuwepo, au inayoifuta ilipo, inawapotosha wakulima wa Mbarali, wahifadhi na watu wa umeme wa Mtera kwa mpigo mmoja.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili la asili, liweke kando, na usilifungue kwa Excel kisha ukalihifadhi tena. Excel ikihifadhi CSV inaweza kubadili sura ya tarehe bila kukuuliza. Halafu chora takwimu zote kwenye grafu moja iliyosimama. Ikiwa hiyo nayo ni mbovu, tatizo liko kwenye takwimu na hakuna haja ya kuhangaika na fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo. Ikiwa iliyosimama ni safi na inayotembea ndiyo mbovu, ruka hadi sehemu ya mwendo unaokimbia na kuzubaa, na sehemu tatu za mwisho.

Dalili: mto unakauka ghafla, au kina kinapiga mbizi chini ya sifuri

Mstari unakwenda vizuri, mara unaporomoka hadi sifuri kwa siku moja au wiki, kisha unarudi juu palepale ulipokuwa. Au unazama hadi -999 na grafu yote iliyobaki inabanwa juu kama uzi.

Chanzo cha kawaida ni alama ya kukosekana kwa kipimo. Siku ambayo msomaji wa geji (nguzo ya kupimia kina) hakufika, ofisi huandika -999 au -9999, na programu huisoma kama kina cha maji. Iambie mapema, wakati wa kusoma faili: `na_values=[-999, -9999]`. Angalia pia kama kuna kistari, neno "hakuna" au nukta moja ndani ya safu. Watu tofauti huacha alama tofauti kwenye daftari moja.

Kinachofuata ni sifuri za kupachikwa. Kuna aliyetumia `fillna(0)` ili kuondoa ujumbe wa kosa, na tangu hapo kila siku isiyo na kipimo imekuwa siku ya ukame. Mtego wa ndani zaidi ni `resample("1D").sum()`, unaotumika sana kwa mvua: siku isiyo na rekodi hata moja hupewa jumla ya sifuri, na hapo "hatukupima" inageuka "haikunyesha". Ongeza `min_count=1` ndani ya `sum` na siku hiyo itabaki wazi. Amri ya `mean()` haina tabia hiyo.

Sasa swali gumu: utajuaje sifuri ya kweli? Mto mkubwa haukauki kwa kuruka. Tazama wiki kadhaa zilizotangulia. Ukavu wa Ruaha hutanguliwa na mshuko mrefu kuanzia mvua zinapokwisha, maji yakipungua kidogo kidogo, hadi sifuri ya Septemba, Oktoba au Novemba, na huisha mvua mpya zinapoleta maji. Sifuri ya katikati ya Machi, siku moja baada ya kina cha mita mbili, ni nafasi tupu iliyovaa nguo za kipimo. Kwa vijito vidogo vya Usangu kuwa mwangalifu zaidi, maana banio (mlango wa kuchepushia maji shambani) likifungwa au kufunguliwa juu, maji ya chini yanaweza kubadilika kwa saa chache. Hapo linganisha na geji ya jirani kabla ya kufuta.

Usichanganye pia kina na mtiririko. Sifuri ya geji ni alama tu kwenye nguzo. Inaweza kuwa juu ya kitako cha mto, na maji yakawa bado yanapita wakati geji inasoma 0.00. Inaweza pia kuwa chini yake, na dimbwi lililosimama likasoma sentimita 20 wakati hakuna tone linalotiririka.

Ukishapambanua, acha mstari ukatike kwenye nafasi tupu. Paka ukanda wa kijivu uandikwe "hakuna kipimo", na siku za ukavu wa kweli zipe rangi yake kwenye sakafu ya grafu. Kitone kinachotembea kipotee kinapofika kwenye pengo. Kikiteleza juu yake kama daraja, mtazamaji ataamini palikuwa na vipimo. Kujaza pengo kwa `interpolate()` kunavumilika kwa saa mbili tatu za kirekodi kinachosoma kila robo saa. Kwa siku tano za masika hakuvumiliki.

Kwa takwimu za bahari, namba hasi huenda ni halali kabisa: zinategemea zimehesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari au kutoka usawa wa chini unaotumika kwenye ramani za mabaharia. Ukiwa kwenye usawa wa wastani, karibu nusu ya saa zote zitakuwa hasi.

*Simama hapa* ikiwa nafasi ni tupu hata kwenye daftari la asili, au umeona namba zimefutwa na kuandikwa upya. Usikisie. Peleka swali kwenye ofisi ya bonde husika: Rufiji iko Iringa, Ziwa Rukwa iko Mbeya, Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

Dalili: mafuriko yanafika kabla ya mvua, au bahari inajaa wakati wa kupwa

Hii ndiyo dalili ninayoijali kuliko zote, kwa sababu grafu yake inaonekana nzuri. Hakuna kinachoruka wala kukatika. Ni hadithi tu imegeuzwa.

Anza na mvua. Kipimo cha mvua cha siku husomwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizopita, yaani sehemu kubwa ni ya jana. Ukiyaandika kama mvua ya leo na kuyachora kuanzia saa sita usiku au adhuhuri, mto utaonekana umejaa kabla wingu halijafika. Tiba: rudisha mvua kwenye kipindi chake, kuanzia saa tatu ya jana hadi saa tatu ya leo, uichore kama mstatili unaofunika muda huo wote.

Chanzo cha pili ni saa za Kiswahili. Msomaji wa geji anafika mtoni saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, anaandika 3:00 na 11:00, na yuko sahihi. Kompyuta haijui saa za Kiswahili. Inasoma saa tisa usiku na saa tano asubuhi. Vipimo vyote vimesogea nyuma saa sita. Ukaguzi wake ni mwepesi: hesabu una vipimo vingapi kwa kila saa ya siku, `df.index.hour.value_counts()`. Ukikuta rundo kwenye 9 na 17, uko salama. Ukikuta rundo kwenye 3 na 11, umepata jibu, kwa kuwa hakuna anayeshuka mtoni kwenye viboko saa tisa ya usiku kila siku kusoma nguzo. Ukikuta marundo manne, basi daftari limeandikwa na watu wawili wenye mazoea tofauti. Usiongeze saa sita kwa faili zima. Tafuta tarehe ambayo mwandiko ulibadilika, rekebisha kipande hicho peke yake, na uandike ulichofanya.

Cha tatu ni saa za dunia. Vipimo vya bahari vinavyopatikana mtandaoni, mathalani vya kituo cha Zanzibar vinavyotolewa na kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, huwa katika UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Wanaofuatilia maji ya Ruaha hadi delta ya Rufiji, mkabala na Mafia, hukutana na hili wanapoweka mto na bahari kwenye grafu moja. Fanya `tz_localize("UTC")` kisha `tz_convert("Africa/Dar_es_Salaam")`. Halafu kagua maandishi ya mhimili: ukiunda `DateFormatter` mwenyewe bila kuipa `tz`, Matplotlib huandika saa kwa UTC hata kama takwimu zako zimeshasahihishwa, na mtu anayesoma mhimili anabaki amekosea kwa saa tatu.

Kwa nini bahari haisamehe makosa haya? Kutoka kujaa hadi kujaa kunachukua takriban saa 12 na dakika 25. Kosa la saa sita ni karibu nusu ya mzunguko, kwa hiyo kujaa kote kunakuwa kupwa. Kosa la saa tatu ni karibu robo: maji yanaonekana yako nusu wakati kweli yamefika kileleni. Njia ya kuhakiki bila kompyuta ni bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana kabla ya adhuhuri na kujaa sana alasiri kuelekea jioni. Grafu yako ikionyesha kinyume, usitafute sababu ya kitaalamu, saa zimesogea.

Onyo moja tu hapa: usimpe nahodha wala mvuvi grafu uliyotengeneza ili aamue kuvuka delta. Kwa hilo yapo majedwali rasmi ya maji ya bandari.

Dalili: mstari unarudi nyuma, unapiga zigizaga, au mhimili umejaa weusi

Mstari ukirudi kushoto, sababu ni tarehe. 03/04/2021 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Pandas ikiachwa yenyewe huanza na mwezi, ikasoma Machi 4. Matoleo ya zamani yalikuwa yanasoma tarehe 1 hadi 12 vibaya na tarehe 13 kuendelea vizuri, ndani ya faili moja, bila kulalamika. Weka `dayfirst=True`, au bora zaidi taja muundo wenyewe, `format="%d/%m/%Y"`. Baada ya hapo panga kwa wakati, `sort_index()`, na uondoe rekodi zinazojirudia.

Mhimili mweusi, wenye mamia ya namba zilizolaliana, humaanisha safu ya kina imesomwa kama maandishi. Mara nyingi ni kipimo kimoja tu kilichoharibu safu nzima: "1,250" yenye mkato, "1.2m" yenye kizio, au herufi O badala ya sifuri. Tumia `pd.to_numeric(..., errors="coerce")`, lakini kwanza chapisha rekodi zitakazogeuka tupu uzione kwa macho. Nyingine zinaokoleka.

Dalili: mwendo unakimbia mahali na kuzubaa mahali, au bahari imesimama

Karibu kila mara, umechora fremu moja kwa kila rekodi. Daftari lina vipimo viwili kwa siku, kisha mwaka fulani kikafungwa kirekodi kinachosoma kila saa. Grafu ikifika hapo inazubaa ghafla, na mtazamaji anadhani mto umetulia. Fremu ifuate wakati. Tengeneza ngazi za muda zilizo sawa kwa `resample`, na pasipo kipimo pabaki wazi.

Hapa kuna mtego mdogo unaofuata tiba hiyo. Ukiwa na vipimo vya siku na ukagawa kwa saa, kila kipimo kinabaki peke yake kati ya nafasi tupu, na Matplotlib haichori mstari kutoka nukta moja hadi hakuna. Grafu inatoka nyeupe kabisa ingawa takwimu zipo. Ongeza `marker="o"` na nukta zitatokea.

Chanzo cha pili ni ngazi isiyofaa kwa mto husika. Kiwira unateremka kwenye miteremko ya Rungwe. Mvua ikipiga juu, maji hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Ukichukua wastani wa siku, mafuriko yanayeyuka na kuwa kijilima. Maji yanayopita Usangu na kutulia kwenye tindiga la Ihefu ni habari nyingine, yanakwenda taratibu, na fremu moja kwa siku inatosha. Mwaka wa fremu za siku kwa fremu 20 kwa sekunde ni video ya sekunde 18 hivi, na hapo jicho linauona msimu mzima. Mwaka huohuo kwa saa ni fremu 8,760, karibu dakika tano hata kwa kasi ya 30, na hakuna atakayemaliza. Chagua wiki ya mafuriko uionyeshe kwa saa. Mwaka uonyeshe kwa siku. Na uanze mwaka Novemba, mvua zetu zinapoanza, ili masika yasikatwe katikati na Januari.

Kwa bahari shida ni ya aina yake. Ukichukua kipimo kimoja kwa siku, saa ileile, wimbi la kujaa na kupwa halipotei: linageuka wimbi la uongo, la polepole, linalopanda na kushuka kwa karibu siku 15. Ukichukua kila baada ya saa 12, ni hivyohivyo. Ni sawa na tairi la gari kwenye filamu linaloonekana limesimama au linarudi nyuma: kamera inapiga karibu kila linapomaliza mzunguko. Bamvua na maji mafu (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo) nazo hupokezana kwa kipindi hichohicho, ndiyo maana watu hulidhania wimbi hilo kuwa la kweli na hata kuliandikia maelezo. Kwa bahari usipitishe saa moja kati ya fremu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, siku nzima inapita kwa sekunde moja, na mwendo unasomeka vizuri. Ukihitaji wastani wa siku, uchujwe kwanza na mtu anayejua kuondoa kujaa na kupwa. Kuokota kipimo cha saa sita mchana siyo wastani.

Dalili: kina kimeruka ngazi moja na kubaki huko, au mto wa milimani "unajaa na kupwa"

Kuruka ngazi baada ya mafuriko makubwa: nguzo ya geji iliangushwa au kuinama, ikasimamishwa tena, na sifuri yake haiko pale ilipokuwa. Utaona kiangazi cha mwaka huu kimekaa sentimita 40 juu ya vyote vilivyotangulia, kwa umbo lilelile. Uliza lini geji iligongwa au kuhamishwa. Jibu likikosekana, chora vipande viwili kwa rangi mbili na usiviunganishe.

Kwa vituo vyenye kirekodi cha presha kilichozamishwa, kuna sababu inayotuhusu sisi wa milimani kuliko watu wa pwani. Vingi vya vifaa hivi hupima uzito wa maji na hewa kwa pamoja. Hewa inatakiwa itolewe baadaye. Mtu akitoa hewa ya usawa wa bahari, ambayo ni sawa na maji ya kina cha mita 10.33, anakosea sana. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi zaidi, na tofauti yake ni karibu mita 1.9 za maji. Usangu, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, tofauti ni zaidi ya mita moja. Kwenye grafu, mto wenye maji kiunoni utaonekana uko chini ya ardhi. Toa hewa iliyopimwa palepale au jirani, kwenye mwinuko unaolingana.

Hewa ikisahauliwa kwa namna nyingine, hutokea jambo la kushangaza. Mto wa Mbarali au wa Rungwe unapanda na kushuka sentimita mbili tatu, mara mbili kwa siku, kama bahari. Presha ya hewa katika nchi za tropiki ina mawimbi mawili kila siku, kilele chake kikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kirekodi ambacho hewa yake haikutolewa huyaandika kama maji. Namna ya kupambanua: mawimbi ya hewa hushika saa zilezile kila siku, wakati kujaa na kupwa kwa bahari huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Ukiona mpando na mshuko wa mara moja kwa siku, wenye kingo kali, chini ya skimu ya mpunga, hilo huenda ni banio linafunguliwa na kufungwa. Usilisafishe. Ni watu wanatumia maji, na ndilo jambo ambalo grafu yako inapaswa kulionyesha.

Chanzo kigumu kabisa ni mlingano unaogeuza kina kuwa mtiririko. Mchanga ukihama baada ya mafuriko, kina kilekile kinabeba maji tofauti. Na mlingano uliotokana na vipimo vya maji madogo ukisukumwa hadi mafuriko, hutoa namba kubwa zisizo na msingi, ambazo kwenye grafu inayotembea huonekana za kutisha na za kweli.

*Simama hapa.* Kusawazisha upya sifuri ya geji ni kazi ya mpima ardhi mwenye alama ya kudumu ya kuanzia. Kurekebisha mlingano ni kazi ya mhaidrolojia wa bonde. Usishuke mtoni mwenyewe kuthibitisha kina. Ruaha una mamba na viboko, na Kiwira ukiwa umejaa humzidi nguvu mtu mzima hata maji yakiwa ya magotini. Na ikiwa grafu yako inaonyesha hatari kwa watu walio chini ya mto, peleka takwimu ofisi ya bonde na Mamlaka ya Hali ya Hewa mara moja. Usirushe video kwenye makundi kana kwamba ni tahadhari rasmi.

Dalili: mhimili wa wima unacheza, siku za ukavu zimepotea

Mhimili unaobadilika kila fremu hufanya kijito cha Oktoba kionekane kirefu kama mafuriko ya Machi. Tafuta kiwango cha chini na cha juu cha takwimu zote kabla ya kuanza, ukifunge kwa `set_ylim`.

Mtu akiona kiangazi kimekuwa mstari bapa, hukimbilia mizani ya logi, ambayo kila ngazi yake ni mara kumi ya iliyotangulia. Ni wazo zuri kwa mto unaobeba mamia ya mita za ujazo kwa sekunde masika na karibu na hakuna kiangazi. Lakini logi haina sifuri. Siku ambazo Ruaha umekauka kabisa hazichorwi, na mtazamaji anaona pengo kama vile vipimo vimekosekana. Yaani siku zilizo muhimu kuliko zote ndizo zinazofutwa. Tumia `symlog`, ambayo huruhusu sifuri, au uziweke siku hizo kama alama nyekundu kwenye ukingo wa chini.

Dalili: takwimu ni safi lakini hakuna kinachotembea

Hapa sasa ni programu, na vyanzo vinajulikana.

Grafu imeganda kwenye fremu ya kwanza au ni nyeupe: hukuipa animesheni jina. Andika `anim = FuncAnimation(...)` na jina hilo libaki hai hadi mwisho, bila hivyo Python huitupa kabla haijacheza.

Mstari unatembea lakini tarehe kwenye kichwa haibadiliki: ni `blit=True`. Izime, au iweke tarehe kama maandishi ndani ya eneo la grafu na uirudishe pamoja na mstari kwenye `return` ya fanksheni yako inayochora fremu.

Kosa linalosema x lazima iwe mfululizo: unakipa kitone namba moja moja. Andika `set_data([x], [y])`, kwa mabano ya mraba.

Video inakatika kwenye fremu ya 100: umetumia jenereta ya Python (inayotoa fremu mojamoja) bila kutaja `save_count`. Taja idadi ya fremu zako zote.

Kwenye Jupyter, animesheni ndefu hukatwa ikifika megabaiti 20. Badili `animation.embed_limit`, au hifadhi video nje ya daftari.

Dalili: faili halifunguki, au likifika kwenye simu halisomeki

Ujumbe kwamba ffmpeg haipo na Pillow imetumika badala yake, ukifuatiwa na kosa la MP4, maana yake ni hiyohiyo: sakinisha ffmpeg, au hifadhi kama GIF, ambayo Pillow inaiweza.

Video inafunguka kwenye kompyuta yako lakini simu inakataa: weka `-pix_fmt yuv420p`, na upana na urefu wa picha uwe namba shufwa za pikseli. Pikseli 1081 zinatosha kukwamisha kazi nzima.

Umeme ukikatika video ikiwa inahifadhiwa, MP4 hiyo haitafunguka, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Kwa kazi ndefu usihifadhi video moja kwa moja. Hifadhi kila fremu kama PNG yenye namba, kisha uziunganishe kwa ffmpeg. Umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Lakini kama kukatika huko kumeharibu diski yenye takwimu za asili, zima kompyuta na umpelekee fundi wa kuokoa data. Kila unapojaribu kuandika juu ya diski hiyo, unapunguza kitakachopatikana.

Ukituma kwa WhatsApp, video hubanwa: mistari myembamba hupotea na maandishi madogo huwa ukungu. Nenepesha mstari hadi pointi 2.5, kuza maandishi, na uitume kama dokumenti. Andika juu ya kila fremu jina la kituo, kizio na saa za eneo, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo. Video itafika kwa watu wasio na faili lako wala maelezo yako, na hayo matatu ndiyo watakayokuwa nayo.